Dola inapojiandaa kugeukia raia wake: tunaangalia dalili zipi, na kwa nini tunachelewa?

MfuatiliaAlama (mleta mada)

Wakuu, salaam. Hii mada nimeizungusha kichwani muda mrefu, nikaona niilete humu ipigwe nyundo na watu wenye vichwa tofauti na changu.

Kila serikali inapoua raia wake kwa maelfu, baadaye husikika sentensi ileile: "hakuna aliyejua." Tume ikiundwa, inakuta watu walijua. Rwanda ndiyo mfano unaouma zaidi. Aprili 1993, mwaka mzima kabla, Bacre Waly Ndiaye, mtaalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu mauaji ya kiholela, alikwenda kule. Ripoti yake ya Agosti mwaka huo ilisema wazi kwamba Watutsi wanauawa kwa sababu tu ni Watutsi, na ikagusa Mkataba wa Mauaji ya Kimbari. Januari 11, 1994, Jenerali Roméo Dallaire, mkuu wa askari wa Umoja wa Mataifa kule, akatuma New York ule ujumbe unaojulikana: mtoa habari wa ndani ya Interahamwe, wanamgambo wa chama tawala, anasema ameagizwa kuwaorodhesha Watutsi wote wa Kigali, kuna silaha zimefichwa, na vijana wake wanaweza kuua hadi watu 1,000 ndani ya dakika 20. Akajibiwa asiyaguse hayo maghala.

Kwa hiyo habari zilikuwepo. Hoja yangu ni kwamba macho yetu yamezoea kutazama mahali pasipo. Tunapima chuki: nani anamtukana nani, kabila gani haliozi kwa kabila gani, mitandaoni wanaitana majina gani. Tunaambiwa dalili ya mvua ni mawingu. Sawa, lakini mawingu yapo karibu kila siku na karibu kila nchi, na mvua hainyeshi.

Tazameni Butare, kusini mwa Rwanda. Ndege ya Rais Habyarimana ilitunguliwa Aprili 6, 1994, na Kigali ikaanza kuua usiku uleule. Sehemu kubwa ya Butare ilikaa karibu wiki mbili bila mauaji ya kupangwa. Redio ileile, mapanga yaleyale, majirani walewale. Tofauti ilikuwa mkuu wa mkoa, Jean-Baptiste Habyalimana, Mtutsi pekee mwenye cheo hicho nchi nzima, ambaye alikataa. Serikali ya muda ikamwondoa. Aprili 19 Rais wa muda Théodore Sindikubwabo akaja mwenyewe kuhutubia na kuwasuta wale wanaokaa pembeni kama vile mambo hayawahusu. Haikupita muda, Butare ikawa moja ya sehemu zilizoua watu wengi kwa kasi kubwa.

Chuki ya watu wa Butare haikupanda ghafla ndani ya siku 13. Kilichobadilika ni mtu aliyekaa kwenye ofisi moja. Ndiyo maana nasema tuache kupima mioyo ya watu, tupime ofisi: nani ameondolewa, nani amewekwa, nani ana orodha, nani anagawa silaha. Naomba kuwasilisha.

Kijiti

Nimevuta kiti mbele. Ngoja wataalamu waje.

HesabuKavu

Mada nzuri, mkuu, na Butare umeichagua vizuri. Ila umechagua mfano unaokubaliana nawe. Twende kwenye mifano mingi kwa pamoja.

Barbara Harff alichapisha utafiti mwaka 2003. Alichukua vita vya ndani na tawala kuanguka mara 126, kati ya 1955 na 1997, kisha akauliza: zipi ziliishia kwenye mauaji ya halaiki, na zipi, pamoja na vurugu zake zote, hazikufika huko? Yaliyotenganisha makundi haya mawili yalikuwa sita. Ukubwa wa msukosuko wa kisiasa. Kama nchi hiyo ilishawahi kuua hivyo zamani. Watawala wenye itikadi ya kuwatoa wengine kwenye hesabu ya watu. Utawala wa mabavu. Watawala kutoka kabila la wachache. Na uchumi uliojifungia, usiofanya biashara sana na nje. Chuki ya mitaani haimo katika hayo sita, kwa hiyo hapo nakuunga mkono.

Ninapokataa ni hapa: "uwezo" nao haumo. Na haungekuwemo, kwa sababu kila dola inao. Kila serikali duniani ina jeshi, ina vitambulisho, ina orodha ya walipa kodi, ina mtu wa kuhamisha wakuu wa mikoa. Ukisema pima uwezo, umezipa dola zote alama ileile. Ni sawa na daktari anayesema mgonjwa yuko hatarini kwa sababu ana moyo.

Halafu kuna tatizo ambalo watu wa haki za binadamu hawapendi kulisikia. Makumbusho ya Holocaust ya Marekani pamoja na Chuo Kikuu cha Dartmouth hupanga nchi kila mwaka kwa hatari ya kuanza mauaji ya halaiki, na kipimo chao ni watu wasiopigana 1,000 au zaidi kuuawa kwa makusudi ndani ya mwaka mmoja au chini ya hapo. Wanaeleza kwamba karibu nchi mbili kati ya kila tatu zilizokuja kupatwa zilikuwa tayari ndani ya 30 za juu. Kwa fani hii hiyo ni kazi ya kupongezwa. Sasa fanya hesabu. Kwa mwaka huanza tukio moja au mawili mapya dunia nzima. Maana yake katika hizo 30, karibu zote zitamaliza mwaka bila kuua. Waziri wa mambo ya nje anayeletewa majina 30 na kuambiwa "mmoja wa hawa, labda" atafanya nini? Ataweka faili kabatini. Na ukimwangalia kwa haki, hana kosa kubwa.

MfuatiliaAlama

@HesabuKavu hapo kwenye moyo umenichapa, nakubali. Nilitumia neno "uwezo" ovyo. Nilichokuwa natafuta ni mwendo. Jeshi kuwepo si habari. Jeshi kuanza kuwapa mafunzo vijana wa chama ni habari. Orodha ya wapiga kura si habari. Orodha ya nyumba za kabila moja ndani ya jiji moja, ikiandikwa na watu wasio na kazi yoyote ya sensa, ni habari. Dallaire hakuripoti kwamba Rwanda ina silaha. Aliripoti kwamba zimehama kutoka mahali pake.

Kwa hiyo labda tugawane: mizani yako ituambie wapi, na huo mwendo utuambie lini.

HesabuKavu

Huo mgawanyo naukubali. Ila "lini" hakuna aliyeipata kwa hesabu hadi leo.

WakiliMkimya

Naomba niingize sheria kidogo, kwa sababu naona maneno yanachanganyika na mchanganyiko huo una gharama.

Mauaji ya kimbari ni kosa lenye tafsiri nyembamba. Mkataba wa Desemba 9, 1948 unadai nia ya kuangamiza, lote au sehemu yake, kundi la kitaifa, kikabila, la rangi au la kidini. Makundi ya kisiasa yaliachwa nje wakati wa majadiliano. Ndiyo maana Indonesia mwaka 1965 na 1966, ambako waliouawa kwa kuitwa wakomunisti wanakadiriwa kuanzia nusu milioni, haiingii kirahisi kwenye neno hilo. Uhalifu dhidi ya binadamu ni mpana zaidi: katika Mkataba wa Roma wa 1998 inatosha shambulio lililoenea au lililopangwa dhidi ya raia wowote wale, kwa kutekeleza sera ya dola au ya kundi. Hapo hakuna haja ya kuthibitisha kwamba mtu alitaka kufuta kabila.

Sasa kwa anayepima hatari, kubishana "hii ni kimbari au siyo" mapema ni mtego. Mwaka 1994, kuhusu Rwanda, maofisa wa Marekani walihangaika wiki baada ya wiki kulikwepa neno lenyewe, kana kwamba wasipolitamka hawadaiwi. Watu wakifa kwa makumi ya maelfu, wao wanapima maneno.

Na sheria yenyewe haisubiri neno. Februari 26, 2007, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa hukumu katika kesi ya Bosnia dhidi ya Serbia. Ilisema Serbia haikufanya yenyewe mauaji ya kimbari ya Srebrenica, mji wa Bosnia, lakini ilivunja wajibu wa kuyazuia. Wajibu huo, ikasema mahakama, unaanza pale dola inapojua, au ilipaswa kujua, kwamba kuna hatari kubwa ya mauaji hayo kutokea. Someni tena: *hatari*. Si mauaji yenyewe. Tangu siku ile, tathmini ya hatari ni karatasi inayoweza kusomwa mahakamani, na nadhani ndiyo sababu baadhi ya serikali hazipendi iandikwe.

Umoja wa Mataifa nao ulitoa mwongozo mwaka 2014 wenye vigezo 14: nane vya jumla, na sita mahususi kwa kimbari, uhalifu dhidi ya binadamu na uhalifu wa kivita, kila jozi kwa kosa lake. Ni mwongozo mzuri. Tatizo lake ni kwamba una viashiria vingi mno kiasi kwamba ofisa mvivu anaweza kuitia alama nchi yoyote, au asiitie yoyote.

KakaMgumu

Mnaongea kama vile hivi vipimo vilishuka kutoka mbinguni. Nani anampima nani?

Utafiti wa ndugu HesabuKavu unaanza 1955. Rahisi sana. Oktoba 2, 1904, Lothar von Trotha, jenerali wa Kijerumani kwenye Namibia ya leo, alitoa amri kwa maandishi kwamba Mherero yeyote ndani ya mpaka wa Kijerumani, mwenye bunduki au asiye nayo, apigwe risasi, na wanawake na watoto wafukuzwe. Wakasukumwa jangwani Omaheke, na visima vikalindwa. Mwaka uliofuata ikaja vita ya Maji Maji. Mashamba na maghala yakachomwa, na njaa ikaua wengi kuliko bunduki. Ujerumani imekuja kulitamka neno mauaji ya kimbari kuhusu Namibia Mei 2021. Zile hazikuwa dola? Au raia hawakuwa raia?

Halafu Libya 2011. Azimio namba 1973 la Baraza la Usalama, la Machi 17, lilipitishwa kwa jina la kuwalinda raia, likamalizikia kwenye kuangusha utawala. Tathmini ya hatari ikawa tiketi ya ndege za kivita. Mimi nikisikia "nchi fulani iko hatarini kuua raia wake", swali langu la kwanza ni: ina nini chini ya ardhi?

Kijiti

Hapo sasa uzi umenoga 🔥

HesabuKavu

@KakaMgumu 1955 ni kwa sababu ya takwimu kupatikana, lakini nakubali ni ukuta unaomfaa mtu fulani. Ukianza 1900, dola zilizo juu ya orodha zinabadilika sura kabisa.

Ila usiifanye hoja ya Libya ifute kila kitu. Guatemala: tume iliyosimamiwa na Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti 1999 ikakuta zaidi ya watu 200,000 waliuawa au kupotezwa katika vita vya ndani, na asilimia 93 ya ukiukaji iliouandika ulifanywa na jeshi na washirika wake. Waliouawa wengi walikuwa Wamaya. Jeshi hilo lilikuwa likisaidiwa na Marekani, na Rais Clinton alikwenda kule mwaka huohuo akakiri kwamba lilikuwa kosa. Kwa hiyo vipimo vikifanywa kwa haki vinamnasa mkubwa pia. Kinachokosekana ni wa kusoma matokeo kwa sauti.

Msimamizi wa jukwaa

Nimefuta michango minne. Anayetaka kuzungumzia vyama vya siasa vya leo afungue uzi wake kwenye jukwaa la siasa. Endeleeni.

DadaMkalimani

Nimesoma kimya tangu asubuhi. Nimefanya ukalimani kwa watu waliokimbia nchi tatu tofauti, nikikaa katikati ya mwenye swali na mwenye jibu. Sitataja wapi, wala nani. Nina mambo mawili.

La kwanza, mleta mada umeyadharau maneno haraka mno. Uko sahihi kwamba matusi ni mawingu. Lakini kuna siku maneno yanabadilika kutoka tusi kuwa maelekezo. RTLM, redio ya Rwanda, ilianza kurusha matangazo Julai 1993 na ilikuwa na muziki na mizaha, vijana waliipenda. Mauaji yalipoanza ikawa inasoma majina ya watu, mahali wanapojificha, namba za magari. "Mende" ni tusi. "Mende wako kwenye nyumba ile, nendeni" ni amri ya kazi. Anayepima asihesabu matusi mangapi yametoka kwa siku. Asikilize lini tusi limepata anwani.

La pili ni kuhusu polepole. Hapa tunazungumza kana kwamba hatari ni moto wa ghafla. Warohingya wa Myanmar waliondolewa uraia na sheria ya 1982. Wengi wakabaki na kadi nyeupe za muda, nazo zikafutwa 2015, na mwaka uleule hawakupiga kura. Kuoa kwa kibali, kusafiri kwa kibali. Ilipofika Agosti 25, 2017 na jeshi likaanza, watu zaidi ya 700,000 wakavuka kwenda Bangladesh. Miaka 35 ya makaratasi kabla ya moto wa kwanza. Ukiwauliza wazee hatari ilianza lini, wanakutajia karani aliyeichukua kadi na hakuirudisha. Wanajeshi wanakuja mwishoni kabisa mwa simulizi.

Na kitu kimoja nilichokigundua kwenye kiti kile. Fomu za mahojiano huuliza "uliona nini?" Hakuna fomu niliyoikuta inayouliza "uliacha kufanya nini?" Watu wanajibu hilo hata usipowauliza. Tuliacha kwenda sokoni siku ya Jumanne. Tuliacha kumwita mtoto kwa jina lake la nyumbani mbele za watu. Fundi aliacha kuchukua kazi zetu, akasema ana nyingi. Hayo ndiyo yalinifundisha mimi, na hayana safu kwenye jedwali la mtu.

MfuatiliaAlama

Dada, shikamoo kwanza. Hili la tusi kupata anwani naliandika kwenye daftari langu, na ile sentensi yangu ya kuacha mioyo ya watu naiondoa. Karani wa kadi ni ofisi pia, tena ofisi ndogo kuliko zote. Mimi nilikuwa natazama ofisi za juu.

DadaMkalimani

Marahaba. Ndogo ndiyo inayogusa mtu.

BuheriwaAfya

Swali la mgeni: serikali ikitumia wanamgambo halafu ikasema "hao siwajui", hapo mnapimaje?

MzeeWaGwaride

Nikujibu mimi, mjukuu, maana sare nimeivaa miaka mingi.

Usitazame wanachosema. Tazama risasi. Risasi haziokotwi porini. Zina mtu aliyezisaini. Tazama mafuta ya magari. Tazama nani hakamatwi. Kundi likichoma kijiji Jumatatu na Jumatano likapita mbele ya kituo cha polisi linaimba, umeshajibiwa.

Sudan iliwatumia Janjaweed Darfur kuanzia 2003 na ikawa inanawa mikono. Mwaka 2013 kundi lilelile likavalishwa sare na jina la Vikosi vya Msaada wa Haraka, na 2017 likapewa sheria yake. Lilipogombana na jeshi Aprili 2023, raia wakawa katikati ya wote wawili. Mjini El Geneina, Darfur, mwaka uleule, Wamasalit wakauawa kwa kabila lao. Mji mwingine wa Darfur, El Fasher, ukazingirwa tangu Mei 2024. Juni 13 mwaka huo Baraza la Usalama likapitisha azimio la kutaka mzingiro uondolewe. Haukuondolewa. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale wakaonyesha kwa picha za setilaiti tuta la udongo linajengwa kuuzunguka mji. Tuta la namna ile, wajukuu, kazi yake ni kuzuia kutoka. Mji ukaanguka Oktoba 26, 2025, na mauaji yakafuata kama walivyoonya. Pale hakuna aliyehitaji kukisia nia. Nia ilikuwa imechimbwa ardhini.

Kuna alama nyingine ambayo mtu wa jeshi huiona haraka kuliko profesa: kikosi kipya nje ya mnyororo wa kawaida wa amri. Zimbabwe walikuwa na jeshi lao lililounganishwa baada ya uhuru. Kisha ikaundwa Brigedi ya Tano, ikafundishwa na Wakorea Kaskazini, ikawa na kofia zake nyekundu, na haikuripoti kwa njia ya brigedi nyingine bali juu moja kwa moja. Ilipelekwa Matabeleland Januari 1983. Raia waliouawa katika operesheni hiyo, iliyoitwa Gukurahundi, wanakadiriwa kuwa kati ya 10,000 na 20,000. Mwaka 1984, Matabeleland Kusini, ikawekwa amri ya kutotoka nje na chakula kikazuiwa kuingia wakati wa ukame. Serikali inapoanza kikosi kisichofahamiana na majenerali wake yenyewe, uliza kinakwenda kufanya kazi gani ambayo majenerali wangeikataa.

KakaMgumu

Mzee, heshima yako. Hili la tuta sina la kubishia. Ila ona: setilaiti waliiona, azimio lilipita, na mji ukaanguka. Sasa tathmini ilisaidia nini?

WakiliMkimya

Itasaidia kwenye kesi. Najua si jibu ulilotaka.

HesabuKavu

Kuna mfano wa upande mwingine ambao hautajwi, kwa sababu kisichotokea hakipigwi picha. Ndege ya Aprili 6, 1994 ilikuwa na marais wawili. Wa pili alikuwa Cyprien Ntaryamira wa Burundi. Burundi ilikuwa kwenye hali mbaya kuliko hata Rwanda kwa baadhi ya vipimo: ilishaua kwa maelfu mengi 1972, na Rais Ndadaye alikuwa ameuawa na wanajeshi Oktoba 1993, kukafuatia mauaji makubwa. Ungeniuliza mimi usiku ule na mizani yangu, ningesema Bujumbura italipuka kabla ya Kigali.

Usiku uleule mwakilishi wa Umoja wa Mataifa kule, Ahmedou Ould-Abdallah wa Mauritania, akawakusanya spika wa bunge, waziri wa ulinzi na mkuu wa majeshi, wakatokea pamoja hewani kuwaambia watu kwamba ni ajali isiyohusu siasa za Burundi, na kwamba jeshi linabaki kambini. Burundi haikuepuka vita. Iliendelea kutokwa damu kwa miaka mingi. Lakini wiki ile haikuwa kama ya jirani yake.

Ndege moja, marais wawili, nchi mbili zenye makabila yaleyale. Hili linaipa nguvu hoja ya mleta mada kuliko takwimu zangu, na kama mtu wa takwimu halinifurahishi.

MfuatiliaAlama

Na hawakusubiri tathmini. Walikuwa wanajuana kwa namba za simu.

MzeeWaGwaride

Huyo mkuu wa majeshi ndiye wa kuangalia hapo. Angekataa kutokea hewani, tungekuwa tunasimulia mengine. Ukipima nchi, jua jina la nani atapigiwa simu saa nane za usiku, na kama ataipokea.

BuheriwaAfya

Asanteni wakubwa. Ila mimi si balozi wala jenerali. Mtu wa kawaida akiona haya mambo yanaanza, afanye nini kinachofaa zaidi ya kushea?

WakiliMkimya

Kushea kwanza kunaweza kuua. Ukirusha picha ya shahidi na sura yake, umewasaidia wenye orodha. Kinachofaa kortini miaka kumi baadaye ni kidogo na kikavu: tarehe, saa, mahali, alama kwenye sare, namba ya gari, nani alitoa amri na kwa maneno gani. Faili la picha libaki kama lilivyotoka kwenye simu, usiliongezee maandishi juu. Nakala moja ikae nje ya nchi. Na usiandike ulichohisi pamoja na ulichoona kwenye mstari mmoja. Mawakili wa upande wa pili wanaishi kwa kosa hilo.

DadaMkalimani

Niongeze: vyeti. Vya kuzaliwa, vya shule, vitambulisho vya zamani hata vilivyokwisha muda. Hasa vilivyokwisha muda.

BuheriwaAfya

Na hati za ardhi?

DadaMkalimani

Hizo kabla ya vyote. Vijiji vya Warohingya vilivyochomwa 2017, kuanzia mwishoni mwa mwaka huo vikaanza kusawazishwa kwa mabuldoza. Mtu anarudi na hakuna hata msingi wa nyumba wa kumwonyesha ofisa. Mama mmoja niliyemkalimania alikuwa na risiti ya kodi ya shamba ya babu yake, imekunjwa mara nane, ameishonea kwenye pindo la nguo. Alivuka bila sufuria, lakini risiti ilivuka.

WakiliMkimya

Alipewa nakala yenye mhuri?

DadaMkalimani

Nilimwombea. Walikubali kuipiga picha, wakamrudishia yenyewe. Aliikunja tena kwa mikunjo ileile.